Rudolf Diesel na Kazi ya Kuizoesha Injini Mpya

Madereva wa malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam, wakiisha kuvuka mpaka wa Kobero na kushika njia ya Muyinga kuelekea Gitega, huwa na neno moja midomoni kila wafikapo kwenye kituo cha mafuta. Neno hilo ni dizeli. Hulitamka dereva, hulitamka utingo wake, hulitamka mwenye mashine ya kusaga katika vilima vya Itaba, na hulitamka askari mtunza magari kambini. Lakini ni wachache miongoni mwao wajuao kwamba neno hilo, kabla ya kuwa jina la mafuta, lilikuwa jina la mtu. Mtu aliyezaliwa, akasoma, akaoa, akatajirika, akafilisika, na mwishowe akapotea baharini usiku mmoja wa mwezi wa Septemba, mwaka 1913.

Maisha ya mtu huyo, Rudolf Diesel, yanafaa kuelezwa kwa sababu yana somo kwa kila anunuaye gari jipya, hasa gari lenye injini ya nguvu nyingi na mwendo wa kasi. Swali la mnunuzi huyo ni moja siku zote: je, injini mpya ibembelezwe kama mgonjwa, au ifungwe kazi ngumu tangu siku ya kwanza? Katika magereji kila fundi ana fundisho lake. Diesel alitumia sehemu bora ya umri wake kuitoa injini changa katika udhaifu na kuifikisha kwenye nguvu zake kamili. Alipokuwa mvumilivu alifaulu. Na uvumilivu ulipomwishia, alipata hasara ambayo hakupona.

Mtoto wa ugenini

Diesel alizaliwa mjini Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria, na baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Mwaka 1870 vita vilipozuka baina ya Ufaransa na Prussia, Wajerumani waliokuwa Paris walilazimika kuondoka, na jamaa ile ikakimbilia London katika hali ya umaskini. Haukupita muda mrefu kijana Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, akapelekwa peke yake kwa jamaa wa baba yake katika mji wa Augsburg. Mwenye nyumba hiyo alikuwa mwalimu wa hesabu, na mtoto huyo wa wakimbizi akatokea kuwa hodari wa hesabu kuliko wenzake wote.

Mwaka 1875 alipata msaada wa masomo na kuingia chuo cha ufundi cha Munich. Hapo alifundishwa na Carl von Linde, mtaalamu mashuhuri wa mashine za kutengeneza barafu. Katika darasa la Linde alijifunza jambo lililomkaa rohoni maisha yake yote: kwamba mashine za mvuke, zilizokuwa fahari ya zama zile, zilitumia sehemu ndogo tu ya joto la makaa ya mawe, si zaidi ya sehemu moja katika kumi, na kwamba sehemu tisa zilizosalia zilipotea bure hewani. Kijana huyo akaazimia kuziokoa sehemu hizo zilizopotea.

Homa ya matumbo ilimchelewesha kufanya mtihani wake wa mwisho, lakini mwaka 1880 alihitimu kwa alama za juu sana. Linde akampa kazi Paris katika kiwanda cha barafu. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 1890 wakahamia Berlin. Mchana Diesel alikuwa mtu wa barafu. Usiku alikuwa akichora injini ya moto.

Wazo lake ni rahisi kulielewa. Yeyote aliyejaza upepo gurudumu la baiskeli anajua kwamba bomba hupata joto, kwa kuwa hewa ikishindiliwa hupata moto. Diesel aliwaza kwamba, kama hewa itashindiliwa ndani ya silinda kwa nguvu nyingi sana, itapata moto wa kutosha kuwasha mafuta bila plagi wala utambi. Aliomba hataza mwaka 1892, na mwaka 1893 akafunga mikataba na kiwanda cha mitambo cha Augsburg, kilichoongozwa na Heinrich Buz, na kisha na kampuni ya Krupp.

Miaka minne ya kiwandani

Injini ya kwanza ilikuwa mtambo wa chuma wenye silinda moja iliyosimama wima, mrefu kupita kimo cha mtu. Ilijaribiwa tarehe 10 Agosti 1893. Haikuwa na uwezo wa kujiendesha, hivyo ilizungushwa kwa mkanda uliofungwa kwenye mhimili wa mitambo mingine ya kiwanda. Mafuta yalipoingizwa, mlipuko ulikuwa mkali hata kipimo cha mgandamizo kikavunjika, na vipande vyake vikaruka karibu na vichwa vya watu. Diesel na wasaidizi wake walinusurika. Wazo lake lilithibitika, kwa maana mafuta yaliwaka kwa joto la hewa peke yake. Lakini ilidhihirika pia kwamba mtambo wenyewe ulikuwa bado mchanga. Pistoni yake haikuziba vizuri, nayo hewa iliyoshindiliwa ilikuwa ikivuja pembeni.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Pistoni haiwezi kuwa na unene ulio sawasawa kabisa na uwazi wa silinda, kwani ikipata joto ingevimba na kukwama. Kwa hiyo huvishwa ringi za chuma, na ringi hizo ndizo zinazoziba nafasi iliyobaki. Ringi ikiwa mpya, na ukuta wa silinda ukiwa mpya, havijaafikiana bado. Kwa macho ukuta huonekana laini, lakini kwa hakika una mikwaruzo midogo sana iliyopigwa kwa makusudi kiwandani, ikikatizana kama nyuzi za mkeka. Mikwaruzo hiyo hushika oili, na vilele vyake hulika kidogo kidogo mpaka ringi ipate kukaa mahali pake. Kazi hiyo ya kuafikianisha chuma na chuma ndiyo tunayoiita kuizoesha injini.

Diesel na mafundi wake waliirudisha injini mezani, wakaibadilisha kwa muda wa miezi mitano. Tarehe 17 Februari 1894 walikuwa wakiizungusha tena kwa mkanda, ndipo fundi mmoja kwa jina Linder alipogundua kwamba mkanda haukuwa unaivuta injini tena, bali injini ndiyo iliyokuwa ikiuvuta mkanda. Inasimuliwa kwamba Linder hakusema neno, bali alivua kofia yake kwa heshima, na kwa ishara hiyo Diesel akatambua kilichotokea. Injini ilijiendesha kwa muda upatao dakika moja tu, ikizunguka mara 88 kwa dakika.

Mtu mwenye pupa angeutangazia ulimwengu ushindi siku ile ile. Diesel hakufanya hivyo. Alirudi kazini kwa miaka mitatu zaidi. Pamoja na mhandisi kijana Imanuel Lauster, alibadilisha pistoni, valvu na namna ya kuingiza mafuta. Akaipa injini mzigo mdogo, kisha mkubwa zaidi. Akaifungua, akaikagua, akaifunga. Tarehe 17 Februari 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi. Injini hiyo, ya silinda moja yenye upana wa milimita 250, ilitoa nguvu za farasi zipatazo 18, na ikageuza kuwa kazi asilimia 26.2 ya joto la mafuta yake. Hapakuwa na injini nyingine ya joto wakati ule iliyoweza kuikaribia.

Fundisho kwa mwenye gari jipya

Injini za leo za magari ya kasi hazitoki kiwandani zikiwa changa kama ile ya Augsburg. Silinda zake hukatwa kwa mashine zenye usahihi mkubwa, na injini nyingi huzungushwa kwanza kwa mota ya umeme, kama vile Diesel alivyozungusha ya kwake kwa mkanda, ili kasoro zake zionekane kabla hazijapewa moto. Hata hivyo ringi bado zinahitaji kukaa, na kadiri injini inavyokuwa ya nguvu nyingi na mizunguko mingi, ndivyo kosa la mwanzo linavyokuwa ghali. Baadhi ya watengenezaji wa magari ya aina hiyo hutaka dereva asifikie mizunguko ya juu kabisa katika kilometa 2,000 za kwanza, na wengine kilometa 3,000. Kitabu kijacho na gari ndicho kitoacho amri, na amri yake hutangulia maneno ya gereji.

Makosa yako mawili, nayo yako pande mbili zinazopingana. Kosa la kwanza ni la mwenye pupa, ambaye huiwasha injini ikiwa baridi na papo hapo kukanyaga mafuta hadi mwisho. Oili haijafika kila mahali, pistoni na silinda havijapata joto lililo sawa, na chuma husugua chuma mpaka kikachubuka. Mchubuko huo hauponi.

Kosa la pili ni la mwenye huruma iliyozidi. Huyu huiacha injini ikinguruma kwa muda mrefu huku gari limesimama, au huliendesha kilometa nyingi kwa mwendo mmoja wa chini usiobadilika. Asichokijua ni kwamba ringi hazisukumwi kwenye ukuta wa silinda kwa ugumu wake mwenyewe tu. Zinasukumwa zaidi na mgandamizo wa moto unaopita nyuma yake. Injini isipopewa mzigo, mgandamizo huo huwa hafifu, ringi hazibani, na oili huungua juu ya ukuta na kuufanya uteleze kama kioo. Baada ya hapo ringi hazikai tena, na gari hula oili maisha yake yote mpaka silinda ifunguliwe na kukwaruzwa upya.

Njia iliyo sawa ni ya katikati, kama ile ya mwalimu wa kuruta. Kuruta hapelekwi vitani siku ya kwanza, wala haachwi alale bwenini. Huanzishwa kwa mwendo mfupi, kisha hupewa mzigo, kisha hupumzishwa, kisha huongezewa. Vivyo hivyo dereva na aiache injini ipate joto kwa mwendo wa taratibu. Aipe mzigo wa kadiri kwa vipindi vifupi, kisha aondoe mguu kwenye mafuta na kuiacha injini izuie gari. Abadilishe kasi na gia mara kwa mara. Asivute tela wala kujaza shehena kamili. Milima iliyo baina ya Gitega na Itaba ni uwanja mzuri wa mafunzo hayo, mradi dereva apande kwa gia inayofaa, asiilazimishe injini ikwee kwa gia kubwa huku ikitetemeka. Oili ya kwanza imwagwe mapema kwa wakati uliotajwa kitabuni, kwa sababu huchukua chembe za chuma zilizolika wakati wa kuzoeana. Na breki na matairi navyo ni vipya. Navyo vyataka kilometa mia kadhaa za upole kabla ya kuaminiwa.

Injini yauzwa kabla ya kukomaa

Baada ya majaribio ya 1897, sifa za Diesel zilienea kwa kasi. Matajiri walimjia kutoka kila upande. Adolphus Busch, mwenye kiwanda cha bia huko Marekani, alilipa Maki milioni moja za Kijerumani kwa haki ya kuitengeneza injini hiyo nchini mwake. Mwaka 1898 kampuni iliundwa ya kununua haki zote za Diesel kwa Maki milioni tatu na nusu, na kiwanda kipya kikajengwa Augsburg kwa ajili ya injini zake. Mtoto aliyekimbia Paris katika umaskini sasa alikuwa milionea akiwa na umri wa miaka 40.

Lakini injini iliyokuwa imefaulu ilikuwa moja tu, mikononi mwa watu walioijua kila msumari. Sasa ilitakiwa ifanye kazi mchana na usiku mikononi mwa wageni. Mwaka 1898 injini ya silinda mbili, yenye nguvu za farasi 60, ilifungwa katika kiwanda cha viberiti huko Kempten, na mafundi wa Augsburg walilazimika kwenda kuishughulikia mara kwa mara. Injini zilizotoka kwenye kile kiwanda kipya zilikuwa na matatizo mabaya zaidi. Wanunuzi walizirudisha, na baada ya muda mfupi kiwanda kikaacha kuzitengeneza. Wapinzani wake wakapata la kusema, na mashauri ya hataza yakamwandama. Diesel mwenyewe, aliyekuwa amefanya kazi kwa miaka bila kupumzika, alivunjika afya na kulazwa katika nyumba ya matibabu karibu na Munich.

Aliyeiokoa injini hiyo ni uvumilivu ule ule ulioizaa. Kiwanda cha zamani cha Augsburg, chini ya Buz na Lauster, kiliendelea kurekebisha kasoro moja baada ya nyingine, bila makelele, mpaka miaka michache baadaye injini ya dizeli ikawa mtambo wa kutegemewa.

Karanga, meli na madeni

Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ndogo ya aina ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na ilifanya kazi vizuri hata watazamaji wengi hawakujua tofauti. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa imetaka jaribio hilo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga hustawi. Diesel alilishika wazo hilo, na mwaka 1912 alieleza kwamba mafuta ya mimea, ingawa yalionekana jambo dogo wakati ule, huenda siku moja yakawa na thamani sawa na mafuta ya ardhini. Wakulima wa Afrika wana haki ya kulikumbuka jambo hili.

Mwaka huo huo wa 1912, ambao watawala Wajerumani walianzisha kituo chao cha Gitega, meli ya Selandia ya Denmark ilisafiri mbali baharini kwa injini za dizeli bila tanuri la makaa wala bomba kubwa la moshi. Ulimwengu wa mabaharia ulistaajabu. Diesel alipokewa kwa heshima hadi Marekani. Lakini nyuma ya heshima hizo palikuwa na shimo. Alikuwa amejenga jumba la fahari mjini Munich, ametia fedha nyingi katika biashara za ardhi na mafuta zilizomwendea kombo, na hataza zake za mwanzo zilikuwa zimekwisha muda. Mtu aliyepima joto la injini kwa sehemu ya asilimia hakupima matumizi ya nyumba yake.

Usiku wa mwisho

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli ya mvuke iliyoitwa Dresden katika bandari ya Antwerp, kwenda Uingereza kwa shughuli za kampuni ya huko iliyotengeneza injini zake. Alikula na wenzake wawili, wakatembea kidogo juu ya sitaha, kisha akaingia chumbani mwake yapata saa nne za usiku, akiwa ameacha maagizo ya kuamshwa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Asubuhi hakuonekana. Kitanda chake hakikuwa kimelaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa karibu na ukingo wa meli. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, tarehe ya siku ile ilikuwa imetiwa alama ya msalaba.

Siku kumi na moja baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliiona maiti baharini. Walichukua vitu vidogo vilivyokuwa mifukoni, na kwa desturi ya mabaharia wakaurudisha mwili majini. Eugen, mwana wa Diesel, alivitambua vitu hivyo kuwa ni vya baba yake. Magazeti ya wakati ule yalizusha habari za mauaji na za majasusi, lakini hakuna kilichothibitishwa. Kilichojulikana kwa hakika ni kwamba madeni yake yalikuwa yamepita mali yake kwa mbali. Umri wake ulikuwa miaka 55.

Katika mwaka huo huo wa 1913, huko Papenburg, Ujerumani, ilijengwa meli iliyoletwa vipande vipande hadi Ziwa Tanganyika na kuitwa Graf von Götzen. Ilikuwa meli ya mvuke. Ilikuja kuitwa Liemba, na ndiyo iliyochukua abiria wa ziwa hilo kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa, na mahali pake pakawekwa injini za dizeli. Diesel hakuwahi kuyaona malori yenye injini yake yakitoka viwandani kwa wingi, kwa kuwa malori ya aina hiyo yalianza kutoka viwandani Ujerumani katika miaka ya 1920, baada ya wahandisi kufanya kazi ya subira kwa miaka mingine kumi ili kuifanya injini ile nzito iwe nyepesi.

Ndugu msomaji ambaye umejaliwa kupata gari jipya, miaka minne ile ya Augsburg na iwe mbele ya macho yako unapogeuza ufunguo kwa mara ya kwanza. Wewe hutakiwi miaka. Unatakiwa kilometa 2,000 au 3,000 tu, za mzigo wa kadiri, mwendo unaobadilika, oili safi na kitabu kilichosomwa. Baada ya hapo injini itakupeleka Muyinga na kukurudisha Gitega kwa miaka mingi, bila moshi wa buluu nyuma yako.